Siku Moja ya Maji Mengi Lubwe

Kazi ya Kasimiri ilikuwa kuusoma mto. Ndivyo tulivyoiita ofisini, na watu wakisikia hucheka, kana kwamba mto ni gazeti. Katika mto Lubwe, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru upande wa Mgeta, serikali ilisimamisha nguzo ya zege mwaka 1974, ikapigilia bamba la chuma lenye alama za sentimita, mfano wa rula ya mwanafunzi iliyosimamishwa wima majini. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi jioni mtu alitakiwa ateremke hadi pale, atazame maji yamegusa alama gani, kisha aandike kitabuni. Mtu huyo alikuwa Kasimiri.

Mimi naitwa Abel. Nilikuwa fundi wa vipimo katika ofisi moja ya maji, na Kasimiri alikuwa chini yangu. Nimestaafu, ninakaa Bigwa, na ninaandika habari zake kwa sababu nilimtendea vibaya na sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu hajui. Msomaji naye asiharakishe kunihurumia, asome kwanza.

Kasimiri alikuwa mfupi, ana miguu ya mtu aliyezoea kupanda na kushuka, na sweta la kijani ambalo sikuwahi kumwona amelivua hata jua likiwaka. Kutoka nyumbani kwake hadi mtoni alichonga ngazi kwa jembe, ngazi mia na zaidi, na kila baada ya masika alizichonga upya. Siku walipomzika baba mkwe wake aliondoka matangani saa kumi kasoro, akaenda kusoma mto, akarudi na matope magotini. Wakwe walinuna mwaka mzima. Mafuriko yalipokuja alijifunga kamba kwenye mti ili asogee karibu na rula. Vitabu vyake alivihifadhi katika sanduku la bati kwa kuogopa panya, na nakala za kaboni aliniletea kila mwisho wa mwezi kwa lori la mboga. Vijana wapya wakiajiriwa ofisini, nilikuwa nawaonyesha vitabu vya Kasimiri na kuwaambia, “Kazi inafanywa hivi.” Nilikuwa na majivuno, kana kwamba mwandiko ule ni wangu.

Kwa mila za Waluguru ardhi na urithi hufuata upande wa mama. Shamba alilolima Kasimiri lilikuwa la ukoo wa mkewe, na waliotazamiwa kumrithi yeye walikuwa wapwa zake, watoto wa dada yake Martina. Martina aliishi chini, tambarare, pale Lubwe inapotoka milimani na kutulia. Palikuwa na dimbwi kubwa pale, pana na la kina, lenye mikuyu kando yake. Kiangazi kikikaza, samaki wote wa sehemu ile, ningu na kambale na perege, hujikusanya humo wakingoja mvua. Watu wa kule walikuwa na mwiko wao: kuanzia mwezi wa nane hadi mvua za vuli, hakuna kutia nyavu wala ndoana dimbwini. Wale waliomo ni wazazi wa samaki wa mwaka ujao. Hakuwepo mlinzi wala faini, na hata walevi waliufuata.

Mimi kwetu Gairo. Tumekulia kwenye maji ya kuchimba, maji ya foleni. Mtu wa Gairo hahitaji kufundishwa maana ya mto kukauka. Nalitaja hilo mapema ili nisije nikajitetea kwa ujinga.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Biashara zikafunguliwa, malori ya Dar yakaanza kupanda Mgeta yenyewe kufuata mboga, na kila aliyekuwa na kipande cha mteremko akapanda kabichi, karoti au njegere. Kabichi haingoji mvua. Inataka maji kiangazi, wakati bei ni nzuri. Mifereji ikachimbwa. Tangu zamani juu ya rula ilikuwa mitatu tu, baada ya miaka kumi ikafika ishirini na saba, mingi ikichimbwa baada ya 1995, mmoja ukiwa wa Kasimiri mwenyewe, au tuseme wa ukoo wa mkewe. Hakuna aliyeomba kibali, kwa sababu hakuna aliyejua kibali kinaombwa wapi.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikipunguza watu. Wasoma mito hawakuachishwa kazi wala hawakuandikiwa barua. Waliachwa tu. Posho ya Kasimiri, ambayo ilikuwa kidogo tangu mwanzo, ikakoma. Mwaka mzima wa kwanza aliendelea kushuka ngazi zake bila malipo. Baadaye, kuanzia katikati ya 1995, akachoka. Asubuhi alikuwa kwenye kabichi, jioni alikuwa kwenye kabichi. Lakini kitabu kilikuwa pale, safu zake zimekaa tupu, na mtu aliyejaza safu kwa miaka ishirini hawezi kuziacha tupu. Akafungua vitabu vya zamani, vya miaka ya sabini, mto ulipokuwa na mifereji mitatu, akawa ananakili. Sentimita moja anaongeza hapa, moja anapunguza pale, isionekane kama mchezo. Akafanya hivyo miaka miwili na miezi kadhaa, na mwandiko ulikuwa safi vilevile.

Utauliza, mkubwa wake alikuwa wapi? Mkubwa wake ni mimi. Kila miezi mitatu nilitakiwa nipande Lubwe, nikague rula, nisome mwenyewe, nilinganishe na kitabu, nitie sahihi fomu ya ukaguzi. Gari la ofisi lilikufa injini, likaachwa nyuma ya jengo hadi likaota magugu. Fomu hazikufa. Nilizitia sahihi mezani kwangu, Morogoro mjini, nikinywa chai, nikinakili namba kutoka kwenye kitabu cha Kasimiri kwenda kwenye fomu yangu na kuandika “sawa” pembeni. Fomu nane. Kwa hiyo yeye alikuwa anautunga mto na mimi nilikuwa nathibitisha kwamba nimeuona.

Mwaka 1997 akaja Daktari Hosiana. Alikuwa mhadhiri wa chuo, mwanamke mrefu, mkimya, anayevaa viatu vya mpira na kuingia majini mwenyewe. Aliongoza kazi ya kupanga maji ya mito ya milimani kwa miaka ishirini mbele. Alituambia jambo ambalo ofisini hatukuwahi kulifikiri. Siku zote tulihesabu watumiaji: mji, viwanda, mashamba, mifugo, na kinachobaki ndicho kinachotiririka. Yeye alitaka tuanze na mto wenyewe. Kwanza ujulikane mto unahitaji maji kiasi gani kila mwezi ili samaki wake, miti ya kando yake na madimbwi yake viwe hai. Hicho kiwekwe pembeni, kisiguswe na mtu. Kinachozidi ndicho kigawiwe.

Nilimpenda kwa hilo, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Nilikaa kwenye kiti changu nikamkumbuka mama yangu na ndoo zake kule Gairo, nikajiambia kwamba laiti huyu angezaliwa mapema.

Ili apange alihitaji miaka mingi ya vipimo. Mito mingi ilikuwa na vitabu vilivyokatika katikati. Lubwe ilikuwa na kitabu kisichokatika hata siku moja tangu 1974. Hosiana alikipapasa kile kitabu kama mtu aliyepata kitu kilichopotea. Lakini alikuwa makini. Akasema lazima twende Oktoba, mwezi mkavu kuliko yote, tuusome mto wenyewe, tuone kama unalingana na kitabu. Vikilingana, Lubwe ndiyo itakayokuwa msingi wa mpango wa bonde lile lote. Mkuu wangu, Mwinshehe, akaniagiza niandike barua ya kumwarifu Kasimiri. Nikaiandika, nikaipeleka kwa lori la mboga, wiki mbili kabla.

Yaliyofuata kule juu niliyajua baadaye, kwa kinywa cha Kasimiri mwenyewe. Barua ilipofika alishuka mtoni mbio. Kitabu chake kilisema mto uko sentimita thelathini na moja. Rula ilisema tisa. Akakaa kwenye ngazi zake, akalia. Mtu wa miaka hamsini na mitano analia peke yake, ameshika barua yangu.

Kisha akafanya jambo ambalo sidhani lingefanyika mahali pengine. Akapita nyumba kwa nyumba, kwa wenye mifereji mingine yote ishirini na sita iliyo juu ya rula, akaomba. Hakuwatisha wala hakuwadanganya. Aliwaambia kwamba wageni wanakuja kuutazama mto, na mto uko vibaya, na aibu itamwangukia yeye. “Naomba mzibe mifereji tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, wakishaondoka mtafungua.” Na watu walielewa mara moja, kwa sababu mgeni akija hupigwa ufagio uani na hutandikwa shuka iliyokuwa sandukuni. Nani amwonyeshe mgeni uchafu? Scholastika, jirani yake, mama mwenye maneno makali ambaye kabichi zake zilikuwa ndiyo kwanza zinafunga, alimfokea kwanza, kisha akachukua jembe akaziba mfereji wake mapema kuliko wote. Wakaziba kwa udongo, mawe na majani ya migomba. Usiku kucha mto ukajaa.

Tulifika asubuhi. “Shikamoo, mzee Kasimiri,” nilisema.

“Marahaba, Bwana Maji. Karibuni, karibuni sana.”

Tukashuka ngazi. Rula ilisoma thelathini. Hosiana akatazama kitabu, akatazama rula, akatazama tena kitabu. Pungufu ya sentimita moja tu. Sijawahi kumwona akicheka kwa furaha namna ile. Akampa Kasimiri mkono, akamwambia, “Mzee, watu kama wewe ndio mnaotuwezesha. Asante.” Kasimiri akatazama miguu yake.

Mimi nikaingia majini na kile kifaa chenye panka ndogo ya kupimia mwendo wa maji. Nilipoinama nikaona nyasi. Kando ya mto, chini ya maji, zilikuwa nyasi mbichi zimesimama, kijani kibichi, pamoja na vimaua vyeupe ambavyo havijafumba. Nyasi hazioti majini namna ile. Zikikaa majini siku tatu hulala na kuwa njano. Nikapapasa mawe. Mawe ambayo maji hukaa juu yake huwa na utelezi. Haya yalikuwa hayana utelezi hata kidogo, na vumbi lilikuwa bado linatoka vidoleni. Maji yale yalikuwa ya tangu usiku.

Nikainua kichwa. Kasimiri alikuwa akinitazama kutoka kwenye ngazi. Nikaelewa kila kitu, si kwa akili nyingi, bali kwa sababu nilijua fomu zangu nane zilikuwa na uongo gani. Nikisema kwamba mto huu umejazwa, swali la pili litakuwa: mkaguzi, wewe uliyekuja kila miezi mitatu na kuandika “sawa,” ulikuwa unaona nini? Wakati ule ofisini walikuwa wanaandaa orodha nyingine ya kupunguza watu. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikasoma kifaa, nikamtajia Hosiana namba, akaandika.

Mchana tukala kuku na ugali wa moto nyumbani kwa Kasimiri, kwenye sahani zilizoazimwa kwa Scholastika. Nilikula vizuri tu. Hilo pia linanitia aibu, kwamba sikukosa hamu ya kula.

Mpango ukaandikwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Hosiana akaja kuueleza kwenye mkutano wa hadhara, katika ukumbi wa kata. Watu wa juu walikuja, na watu wa tambarare walipanda, Martina akiwemo pamoja na binti zake. Hosiana alibandika karatasi ukutani yenye mstari mrefu unaopanda na kushuka, akaeleza kwa Kiswahili ambacho hata bibi kizee angefuata. Mto huu, kwa vipimo vya zaidi ya miaka ishirini, haujawahi kushuka chini ya sentimita ishirini na nane. Mto wenyewe, na dimbwi la chini, na samaki, unahitaji kumi na tano. Hizo hazitaguswa kwa miaka ishirini. Zinazozidi atapewa mwekezaji anayetaka kulima kati ya hapa na tambarare. Banio la zege, yaani ukuta wa kugeuzia maji, litajengwa, na litachukua kiasi kilekile kila siku, kiangazi na masika.

Watu wa tambarare walipiga makofi, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliambiwa kwamba kuna maji yao yaliyowekwa kando. Martina alipiga makofi.

Hapo Kasimiri akasimama. Alikuwa amevua kofia. Ukumbini walikuwemo wakwe zake, wapwa zake, dada yake, padri, na mwenyekiti wa kijiji.

“Mheshimiwa mama,” alisema, “naomba mnisikilize. Hayo maji hayapo.”

Hosiana aligeuka kutoka kwenye karatasi yake ukutani.

“Vitabu vya zamani ni vya kweli, naapa. Hii miaka miwili ya mwisho niliandika nikiwa nyumbani. Nilinakili. Na siku ile mlipokuja, tuliziba mifereji. Mto ulikuwa tisa. Mkimpa huyo mwekezaji kama mlivyoandika, dada yangu atabaki na mchanga. Nimewakosea. Ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha, lakini maji hayapo.”

Alisema yote hayo akiwa amesimama wima. Martina alijifunika uso na kanga.

Hosiana alifungua jalada lake, akatoa karatasi, akazipanga mezani moja baada ya nyingine. Nilizitambua kutoka nilipokaa. Zilikuwa fomu zangu nane.

“Bwana Abel,” aliniuliza mbele ya watu wote, “wewe ulikuwa unakagua hapa kila miezi mitatu. Sahihi zako hizi hapa. Na siku ile uliingia majini. Uliona dalili yoyote ya haya anayosema mzee?”

Kasimiri aligeuka akanitazama. Hakuwa na uso wa kunisihi. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri fundi athibitishe kwamba nyumba ina ufa, ufa ambao kila mtu anauona.

“Hapana, Daktari,” nilisema. “Sikuona.”

Kwenye benchi la wenye mifereji Scholastika alianza kusimama, mumewe akamvuta upindo wa kitenge akamkalisha, maana mifereji yote ilikuwa haina kibali na askari polisi alikuwa mlangoni. Mwinshehe akachukua nafasi, akiwa na tabasamu. Akasema kwamba mzee wetu ametumikia kwa muda mrefu na tunamheshimu, lakini inaeleweka kuwa wakulima wa kabichi wana wasiwasi na mwekezaji, na wamemtumia mzee. Mtu akacheka nyuma. Kisha wengine. Kasimiri akaendelea kusimama kidogo, akivaa na kuvua kofia, kisha akaketi. Yule aliyedanganya miaka miwili akasadikiwa, na siku aliposema kweli akachekwa, na neno lililofanya hivyo lilikuwa langu.

Banio lilikamilika 1999. Oktoba ya mwaka ule, chini ya banio, Lubwe ilikoma. Dimbwi likaanza kushuka, siku hadi siku, hadi migongo ya ningu ikaonekana juu ya maji. Watu wa kule wakashika mwiko wao wiki nzima. Wakawa wanaenda asubuhi kuwatazama samaki wakipumua kwa shida na kurudi mikono mitupu. Siku ya nane mtu mmoja akaingia na beseni, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa dimbwini, wakinamama, watoto, wazee waliokuwa wakiwafundisha wenzao mwiko huo. Walikula samaki siku mbili. Wengine wakakausha. Mwaka uliofuata mvua zilikuja vizuri, dimbwi likajaa, na hapakuwa na samaki ndani yake. Martina na binti zake wakawa wanachimba visima mchangani, wanakesha wakingoja maji yajikusanye kwenye kikombe. Kwetu Gairo kazi hiyo naijua.

Na Kasimiri? Alirudi kwenye ngazi zake. Hakuna aliyemwambia arudi, na hakuna aliyemlipa. Saa moja asubuhi, saa kumi jioni. Kila mwisho wa mwezi nilipokea kitabu chake kwa lori la mboga, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Tisa. Nane. Nane. Saba. Na kwa kuwa rula iko juu ya banio, alijiongezea kazi: mara moja kwa wiki alishuka hadi kwa dada yake, mwendo wa saa nne, akaandika pembeni hali ya dimbwi. “Limekauka.” “Limekauka.” “Kuna maji ya mvua, hakuna samaki.” Namba zile zingetosha kuufungua mpango upya. Nilizitia kwenye droo ya chini ya meza yangu, nikafunga kwa ufunguo.

Mwishowe nilizitoa, nalisema hilo sasa ili lisinipambe baadaye. Mwaka 2003, mpango ulipofanyiwa mapitio, nilimpelekea Hosiana vitabu vyote na kikaratasi kisicho na jina: vimepatikana stoo. Aliamini vitabu. Banio likatobolewa, mwekezaji akapunguziwa, maji kidogo yakarudi tambarare. Jina la Kasimiri halimo popote kwenye mpango ule mpya, na la kwangu limo kwenye orodha ya watu wa kushukuriwa.

Lakini kabla ya hapo, kiangazi cha 2001, nilipanda Lubwe. Safari hii nilikwenda kweli, kwa nauli yangu, peke yangu. Nilikuwa nimeamua kumwambia kila kitu: nyasi, mawe, fomu nane. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nilimkuta nyumbani, amekonda, bado amevaa sweta lile, anakohoa. Alikufa masika yaliyofuata, sikujua siku ile kwamba muda ni mfupi hivyo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Bwana Maji! Karibu. Umekuja mwenyewe!” Alimwita mkewe akamate kuku. Nikakataa, akacheka kukataa kwangu. Tukakaa nje kwenye viti vifupi.

“Vitabu vinafika?” aliniuliza.

“Vinafika.”

“Basi.” Uso wake ulikunjuka. “Nikawa namwambia mke wangu, Abel akiviona atavipeleka. Ofisi ina taratibu zake, inachukua muda.”

Nikafungua mdomo ili nianze. Akainua mkono kunizuia, kwa adabu, kama mtu aliye na lake ambalo limekaa kifuani muda mrefu na anaogopa litampita.

“Subiri kwanza. Nina neno nawe, na sikutaka kuliandika kwenye kitabu cha serikali. Siku ile ya mkutano nilikuingiza aibuni. Wewe ulikuja hapa kwa nia njema, ukapima ulichokikuta. Tuliziba vizuri mno, hata jicho la fundi lisingeona. Kisha nikasimama mbele ya wakubwa zako, nikakufanya uonekane mkaguzi mjinga. Mtu mwaminifu kama wewe. Nimelibeba hili, Abel. Kuliko hata lile la dada yangu, wakati mwingine. Naomba unisamehe.”

Alikuwa ameshuka kwenye kiti. Alikuwa ameweka goti moja chini, mtu anayenizidi miaka kumi na minne, akinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kuku mkononi, akitungoja tumalize.

“Nimekusamehe, mzee,” nilisema. “Inuka.”